Hati ya Kiapo Ndiyo Iliyonifundisha Kuandika Hadithi

Nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya sheria nilipeleka fomu ya kuomba kozi moja ya hiari: uandishi bunifu. Ilikuwa ikifundishwa jengo la jirani, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Mhadhiri aliyepaswa kusaini aliitazama fomu, akanitazama mimi, akauliza, "Wewe unataka kuwa wakili au mtunga hadithi?" Sikuwa na jibu. Fomu ikarudi bila sahihi, nikapangiwa kozi nyingine.

Leo ninalo jibu, na nililipata kazini.

Kwenye mafunzo ya vitendo niliwekwa dawati la msaada wa kisheria. Akaja mama mmoja aliyefukuzwa nyumbani na mumewe. Nikapewa kazi ya kumwandalia hati ya kiapo, yaani maelezo yake ya maandishi ambayo angeyaapia kuwa ni kweli ili yatumike mahakamani. Nilimsikiliza kwa uchungu kweli, kisha nikakaa na kuandika kwa moto wote nilionao: kwamba mjibu maombi, yaani mume, ni mtu katili, kwamba hajali familia, kwamba mleta maombi, yaani mama, ameteseka mateso yasiyoelezeka. Nilijiona nimeandika. Wakili aliyekuwa akinisimamia alichukua kalamu nyekundu akakata aya nne mfululizo. "Hii ni hoja. Hili ni hitimisho. Hili alikwambia nani? Rudi kwa mama, muulize aliona nini."

Nikarudi. Mama akasema alifika saa nne usiku, akakuta kufuli jipya mlangoni. Nguo zake zilikuwa ndani ya ndoo ya plastiki barazani, na mvua ilikuwa imeingia kwenye ndoo. Mtoto alikuwa mgongoni, anachemka homa. Alibisha hodi mpaka jirani akafungua dirisha. Taa ya chumba chake na mumewe ilikuwa inawaka.

Nikayaandika hayo tu, aya kwa aya, kila moja ikianza na "Kwamba". Neno "katili" halikuwamo popote. Wakili aliposoma alinyamaza kidogo, kisha akasema tukaape kwa kamishna wa viapo.

Kanuni aliyokuwa akinifundisha, mawakili wa Afrika Mashariki wanaijua kwa kesi moja ya Mahakama Kuu ya Uganda ya mwaka 1966, ile ya Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, maarufu kwa jina la Matovu. Darasani tuliisoma kwa sababu ya mapinduzi ya katiba na uhalali wa serikali mpya. Lakini mahakamani kwetu hutajwa zaidi kwa jambo linaloonekana dogo: hati ya kiapo inasimama badala ya ushahidi wa mdomo, kwa hiyo ibebe mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe, au aliyoelezwa akaamini kuwa ni kweli. Isibebe maombi, wala hoja za kisheria, wala hitimisho. Ukichanganya, wakili wa upande wa pili ataomba aya hizo zifutwe.

Miaka kadhaa baadaye nilihudhuria warsha ya waandishi wa hadithi fupi. Mwezeshaji alisoma ukurasa wangu akasema nimemwambia msomaji kwamba mhusika ana huzuni, ilhali nilipaswa kumwacha msomaji aione. Nilihisi nimeshika tena ile karatasi yenye wino mwekundu. Haya ni mafunzo yaleyale. Chuo kimoja kinayafundisha katika majengo mawili, na kinawazuia wanafunzi kuvuka ua.

Nitakwenda mbali zaidi. Sheria ikikaa peke yake inawafanya watu wawe majina ya kesi. Kila mwanafunzi wa sheria ya ndoa Tanzania anaijua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Lakini mke yule alishinda kwenye kanuni huku rufaa yake ikikataliwa, na darasani tulipita hapo kama tunapita kituo cha basi. Mtu aliyezoea kuandika hadithi angesimama. Angeuliza kazi za nyumbani ni zipi hasa: nani anaamka saa kumi na moja kuwasha moto, maji yanatoka wapi, nani anakesha na mgonjwa. Maswali hayo hayana upole wowote usiofaa kazini. Ndiyo yatakayomwezesha wakili, kesi nyingine ikija, kuleta ushahidi wa mchango ule badala ya kutaja kesi tu na kukaa.

Na swali la "wakili au mtunga hadithi" lingewashangaza wazee wetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha mwaka 1954 kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Mtu mmoja, sheria za aina mbili, na hakuna aliyemtaka achague. Mathias Mnyampala alifanya kazi ya uhakimu na akaacha diwani za mashairi. Jina lake limeshikamana na ngonjera, ushairi ambamo wawili wanabishana, kila mmoja anatoa hoja yake, mpaka mwafaka upatikane. Mimi siwezi kuamini kwamba kule kusikiliza pande mbili barazani hakukuwa na uhusiano na beti zake.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niliandike hili sasa. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikibaki kwa pale haki inapohitaji. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani. Lakini mawakili wengi wa mahakama za juu tumefundishwa kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza hadi shahada. Tunaongea Kiswahili vizuri, tukishika kalamu tunatetereka. Nimesoma majumuisho, yaani hoja za mwisho za wakili, yenye sentensi ya mistari kumi na mbili, "ambapo" tano ndani yake, na mwenye kesi amekaa nyuma ya ukumbi haelewi kama anatetewa au anashitakiwa. Kamusi ya sheria haitoshi kutibu hilo. Anayejifunza kupanga sentensi, kuchagua kitenzi, kujua aya iishie wapi, anajifunza hayo kwenye fasihi.

Wazazi wataniuliza kuhusu ada na ajira, na wana haki. Sheria ni miaka minne, kisha kuna Shule ya Sheria inayomwandaa mtu kuwa wakili, na kuna familia zilizouza kiwanja kufika hapo. Sidai shahada mbili. Australia zipo shahada pacha za namna hiyo. Huko mtu anaweza kusoma uandishi bunifu na sheria kwa pamoja. Kwetu ningeridhika na kozi mbili au tatu za hiari zinazohesabiwa, na ratiba isiyogongana.

Lipo jambo moja linalonitia hofu kweli. Wakili anayeandika hadithi amekalia siri za watu. Yule mama niliyemtaja juu, ile ndoo haikuwa ndoo, na saa haikuwa saa nne. Nimebadilisha na mengine, ili hata jirani yake akisoma asimtambue. Katika hati ya kiapo kubadilisha kitu kama hicho ni kuapa uongo, na ni kosa la jinai. Katika maandishi haya kukiacha kama kilivyokuwa kungekuwa usaliti kwa mteja. Mwanafunzi anayesoma masomo hayo mawili pamoja atafundishwa mpaka huo mapema, akiwa na mwalimu karibu. Sisi wengine tuliutafuta gizani, na si wote tulioupata kabla ya kumuumiza mtu.

Wanafunzi wa mafunzo ya vitendo wanaokuja ofisini kwangu siku hizi nawapa zoezi moja. Tukio la kubuni, waliandike mara mbili: kwanza hati ya kiapo, kisha hadithi ya ukurasa mmoja. Wa wiki iliyopita alileta karatasi zote mbili asubuhi mapema. Kwenye kiapo sikuona cha kukata. Kwenye hadithi mhusika wake alikuwa bado "amejawa na huzuni" mara tatu, nikazizungushia wino nikamrudishia. Alhamisi analeta nyingine.