Ukurasa wa Kumi na Nne

Bandugu, kabla hamjamaliza kunicheka kule kwenye grupu, nipeni nafasi nijitetee. Jirani yangu wa meza, ambaye ndiye redio-trotwari (msambaza umbea) ya biro yetu, yaani ofisi, amewaambia kwamba nilikutwa nimelala, nakoroma. Uongo! Sikulala. Laiti ningekuwa nimelala.

Ilikuwa juzi, saa nane mchana, nimerudi kutoka kula bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo). Ninyi mnaofanya kazi hapa Lubumbashi mnaijua saa ile. Asubuhi nilikuwa nimeshafanya mizunguko yangu ya kawaida: faili kwapani, uso nimeukunja, hatua za haraka kutoka mlango huu mpaka ule kama mtu aliyeitwa na gavana. (Ndani ya faili mna fomu za 2019. Usicheke, na wewe unalo lako.) Mtu mwenye faili hasimamishwi njiani. Nilijifunza hilo mwezi wa kwanza wa kazi, na sidhani kama nimejifunza kingine.

Mchana nabadilisha mbinu. Droo naifungua nusu, simu naiweka humo, waya wa sikioni unapita ndani ya mkono wa shati mpaka sikio la upande wa ukuta. Macho kwenye droo, vidole kwenye kibodi, tukutuku-tukutuku. Siku hiyo nilikuwa naangalia tena ile mechi ya 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe, timu yetu ya mpira ya Lubumbashi, na Internacional ya Brazili. Najua tulishinda 2-0. Najua kafunga Kabangu, kafunga Kaluyituka. Lakini mtoto wa Kamalondo, mtaa wa Mazembe, akikaa wiki nzima bila kumwona golikipa wetu Kidiaba akirukaruka kwa matako uwanjani, anaumwa.

Sasa, delestaji, yaani mgao wa umeme. Kwetu pale taa zinakula betri za paneli za jua, kompyuta zinakula kuran (umeme) ya kawaida. Kuran ikienda, taa hata hazipepesi. Mmeshaanza kuona.

Nikasikia viatu. Vya shefu, bosi wetu, navijua, cha kulia kinalia nyii. Nyuma yake vikafuata vingine, na vingine. Nikaongeza kasi. Jamani, ile kibodi niliipiga kama ngoma ya arusi! Kila baada ya mstari nasimama kidogo, nakuna kidevu, nashusha pumzi, naendelea.

"Na huyu, wakubwa, njo mutu wetu wa raporo," yaani wa ripoti, shefu akawaambia wageni wake wa kutoka Kinshasa. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Sikushtuka.

"Uko naandika nini, papa?" mgeni mmoja akauliza.

"Raporo ya miezi mitatu, mukubwa," nikajibu bila kugeuka, maana mtu mwenye kazi hageuki. "Nimefika ukurasa wa kumi na nne."

Kimya.

"Na kuran ikikatika, haitapotea?"

"Hapana, mukubwa. Nahifadhi kila dakika." Nikapiga kitufe kimoja, tak, nikahifadhi.

Kimya cha pili kilikuwa kirefu. Nilimsikia mama wa mapokezi akiweka kikombe mezani polepole. Nikainua macho. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi kama makaa ya kupikia, na ndani yake nikajiona vizuri kabisa: uso wangu, kijani cha sombe pembeni ya mdomo, na nyuma yangu watu wanne wamejipanga kama picha ya ubatizo. Shefu katikati. Tukatazamana humo humo kiooni, mimi na yeye. Na vidole vyangu, mababu wanisamehe, vilikuwa bado vinaandika. Viliandika kama maneno matatu mengine.

"Kuran iliisha kuenda tangu saa sita," shefu akasema.

Nikasimama kwa heshima. Waya ukanaswa na droo, ukachomoka kwenye simu, na wakati huohuo Kabangu akafunga. Mtangazaji akapiga yowe biro nzima. Hata wa chumba cha pili walikuja kuangalia nani amekufa.

Yule mgeni, kumbe mtu wa V.Club, mahasimu wetu wa Kinshasa, akainama, akachungulia droo. "Hiyo ni ile ya 2010?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Mm. Na ku fainali, Inter ya Milano iliwapiga ngapi?"

"Tatu, mukubwa. Tatu kwa sifuri."

Akatikisa kichwa, wakaenda zao.

Mengine ni ya haraka. Nimepewa barua ya kujieleza, nimejibu kwa mkono kwa sababu kuran haikurudi mpaka usiku, simu sasa inakaa mapokezi tangu asubuhi. Wewe unayenitumia picha za Kidiaba, nimekuona. Na huyo mama wa mapokezi, niliyekuwa namheshimu, sasa kila kuran ikienda anapaza sauti kutoka mlangoni: "Papa Kumi na Nne, hifadhi!"