Tangi Lililokaushwa Bado Lina Mvuke

Kila mara kanuni za kusafirisha mashine zenye mafuta kwa njia ya bahari zinapokazwa, watengenezaji na wasafirishaji hutanguliza pingamizi lilelile: mafuta yaliyomo ni kidogo mno kuhesabiwa kuwa shehena hatari. Nimelisikia hapa Dar es Salaam kwa waagizaji wa jenereta na pampu za maji, na siwezi kulikubali.

Nilikuwapo kwenye yadi moja ya Kurasini wakati kontena la pampu za petroli zilizotumika likifunguliwa. Hati zilieleza kwamba matangi yote yamekaushwa. Milango ilipoachana, harufu ya petroli ilitufikia kabla hatujauona mzigo wenyewe. Kijana aliyekata lakiri akarudi nyuma, na kwenye mbao za sakafu, chini ya kabureta ya pampu ya pili, palikuwa na doa bichi lenye upana wa sahani. Tangi lilikaushwa kweli, lakini kabureta na mpira wa mafuta havikuguswa. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndani ya kontena lililopigwa na jua la Pwani, haihitaji wingi wala msaada, inasubiri cheche tu.

Ndiyo maana naona ilikuwa haki kwa kanuni ya kimataifa ya shehena hatari, IMDG, kutenganisha mizigo hii. Tangu Januari 1, 2018, mashine za petroli zimo katika daraja la 3, la vimiminika vinavyowaka, ilhali zile za dizeli isiyotoa mvuke wa kuwaka hadi ipite nyuzi 60 zimebaki daraja la 9, la hatari nyinginezo. Wanaolalamika kwamba kanuni haibagui hatari kubwa na ndogo wanapaswa kuisoma upya.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu. Kumwaga petroli kwa mkono gatini, kwa ndoo na mpira, kunaweza kuwa hatari kuliko safari yenyewe, kwa hiyo kazi hiyo inapaswa kumalizikia kiwandani au kwa muuzaji, kabla mashine haijakaribia bandari. Gharama ya karatasi na tozo za ziada inaumiza, hasa mwagizaji mdogo, lakini hailingani na kinachoweza kutokea.

Mnamo Juni 4, 2020, meli ya magari Höegh Xiamen iliungua katika bandari ya Jacksonville, Marekani, ikiwa imepakia magari yaliyotumika, na wazimamoto 9 wakajeruhiwa. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walihitimisha kwamba betri za magari hayo hazikuwa zimetenganishwa na nyaya zake na kukingwa ipasavyo, wakapendekeza magari yaliyotumika na yaliyoharibika yaondolewe kwenye msamaha wa kanuni za shehena hatari. Sisi tunaopokea magari ya namna hiyo kutoka Japani, mengine yakipita hapa kwenda Zambia na Kongo, hatuwezi kuliona pendekezo hilo kama jambo la Wamarekani peke yao.

Anayetaka msamaha aupate, ila aoneshe kwa maandishi nani alikausha mfumo mzima wa mafuta, kabureta ikiwemo, lini, na vichwa vya betri vilikingwaje. Hati za zile pampu za Kurasini zilitaja matangi tu.