Mzamiaji wa Dodoma, kupanda hakuishii kwenye boti

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wengi wetu hulikumbuka hilo baridi ya Juni na Julai inapopiga. Anayekwenda kuzamia Mafia au Zanzibar anapaswa kulikumbuka mwaka mzima.

Chini ya maji mgandamizo huongezeka, na naitrojeni ya hewa ya mtungi huingia kwenye damu na tishu. Ukipanda taratibu, hutoka kupitia mapafu. Ukikurupuka, hufanya mapovu humo humo mwilini. Ndiyo maana wengi siku hizi hupendekeza usizidi mita 9 au 10 kwa dakika, kisha usimame dakika 3 kwenye kina cha mita 5. Mita 10 za mwisho ndizo za kuogopa zaidi: mgandamizo hupungua nusu nzima, kutoka atmosfia 2 hadi 1, na ndipo mtu huharakisha kwa kuwa jua limeshaonekana.

Hayo walimu huyafundisha vizuri. Kinachoniumiza ni swali la mwisho: "Unapanda ndege lini?" Ukijibu kwamba unarudi kwa treni ya SGR au kwa basi, mazungumzo yameisha. Lakini treni hiyo inakuchukua Dar, usawa wa bahari, na kukufikisha Dodoma kwa saa kama nne. Kwa mwili, ndege na reli ni mamoja: ukipanda juu, mgandamizo wa hewa umeshuka, na naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, wa kusubiri kabla ya kuruka angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida, na 18 baada ya mizamio kadhaa, unahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi. Dodoma imeshaupita.

Najua tunavyobanwa. Jumatatu saa 1:30 asubuhi mtu anatakiwa ofisini Mtumba, kwa hiyo mzamio wa mwisho unapachikwa Jumapili asubuhi. Tuanze likizo kwa kuzamia, siku ya mwisho tutembee Mji Mkongwe. Au tulale Dar usiku mmoja zaidi. Gharama yake inavumilika.

Na ukishafika nyumbani, bega likauma bila sababu, mkono ukafa ganzi au uchovu ukakuzidi, usikimbilie kusema ni malaria au safari; huenda ni mapovu hayo. Nenda hospitali, na kabla ya yote mwambie daktari kwamba ulizamia, lini na kina gani. Omba oksijeni mapema, wakati mipango ya kukufikisha kwenye chumba cha mgandamizo, kinachotibu wenye mapovu hayo, ikifanywa.