Kabla ya kumwita fundi wa gesi, uliza hita imeambiwa nini

Mwezi wa sita ukiingia, sisi wa Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, hatuhitaji kalenda. Ukungu wa Mlima Meru unashuka mpaka kwenye migomba, ng'ombe wanatoa mvuke puani, na mtoto ukimwambia akaoge kabla ya shule anakutazama kama hakimu umemsomea hukumu. Ndugu zetu wa Moshi mjini wanatucheka kwa makoti yetu. Waache wacheke, wako mita mia tano na zaidi chini yetu.

Ni kwa sababu ya kipupwe hiki tulipomaliza kujenga tukaweka hita ya pampu ya joto, tangi la lita 200, badala ya ile ya jua ambayo majirani wengi wameilaza juu ya bati. Jua la hapa Julai unaweza kulisubiri mpaka saa nane mchana. Kwa asiyeijua mashine hii: ni friji iliyogeuzwa. Friji inatoa joto ndani ya boksi na kulitupa nje. Gusa mgongo wake utalisikia. Hita hii inavuna joto lililoko hewani, hata hewa ambayo wewe unaiona ya baridi, kisha kompresa na gesi vinalipandisha hadi kwenye maji. Umeme unalipia kazi ya kulihamisha tu, ndiyo maana yuniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, inaweza kukuletea joto la yuniti tatu hivi. Ndani ya tangi hilo hilo kuna elementi ya akiba, ndugu wa ile ya kwenye birika la umeme, iliyowekwa kwa siku ambazo pampu imelemewa. Yenyewe haina miujiza: yuniti moja inaingia, joto la yuniti moja linatoka.

Sasa Juni iliyopita mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga. Mtu wa Tanga na baridi ya Ngaramtoni ni mambo mawili. Siku ya pili tu nikamsikia bafuni, "Mwanangu, haya maji au barafu?" Maji yalikuwa ya nyuzi 55, mkono wangu mimi hauyavumilii bila kuchanganya. Lakini ni mama mkwe. Nikaenda kwenye skrini ya hita nikapandisha hadi 70, nikapandisha na moyo wangu, nikalala usingizi wa mkwe mwema.

Kabla ya hapo LUKU ya shilingi 20,000, ambayo kwa bei ya shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi inakupa yuniti 56 hivi, ilikuwa inatutosha siku kumi. Sasa siku ya nne kile kidude ukutani kinaanza kulia pii, pii. Nikasema ni ugeni, watu wameongezeka. Wiki ya pili nikasema watoto wanaacha taa. Mama mkwe akaondoka, taa zikazimwa, kidude kikaendelea kulia siku ya nne.

Nikamwita fundi. Alifika, akaweka sikio kwenye mashine, akatikisa kichwa. "Mama, gesi imeisha." Nikamuuliza imeishaje, maana miaka miwili tu. "Inatumika, mama, kama ya kupikia." Hapo nilipaswa kumpa nauli aende zake. Gesi ya friji haichomwi, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka hadi mwaka ni ile ile. Ikipungua maana yake kuna mahali panavuja, na kujaza bila kuziba ni kumwaga hela kwenye pakacha. Fundi wa pili hakutaja gesi, alitaja sensa, kile kifaa kinachopima joto la maji, akanipa na bei yake. Wote wawili hawakugusa skrini. Hata kuitazama hawakuitazama.

Siwalaumu sana, na hili ndilo ninalotaka kulisema. Fundi wetu analipwa kwa kifaa alichobadilisha, halipwi kwa kitufe alichobonyeza. Akija akakaa nusu saa anasoma setingi, akabonyeza mara tatu, akasema "tayari, mama, nipe elfu thelathini," nani kati yetu atampa bila kununa? Tutasema ametuibia. Akitoka na kitu kichafu mkononi, kimeungua, tunalipa laki na kumshukuru. Tumewafundisha wenyewe kwamba ugonjwa lazima uwe ndani ya chuma.

Kilichonizindua ni kumbukumbu ya simu ya Januari. Mdogo wangu anaishi Ohio, na nyumba yake yote inapashwa joto na pampu ya aina hii, ila yake inapuliza hewa ya moto vyumbani. Alinipigia usiku kwa video, anahema: "Dada, mashine ya nje inatoa moshi!" Kumbe haukuwa moshi. Kwenye baridi ya kule, koili ya nje, yale mabomba yanayovuna joto hewani, inaota barafu, na kila baada ya muda mashine inajigeuza dakika chache, inapeleka joto nje kuyeyusha ile barafu, na mvuke unapanda. Ni kawaida yake. Wakati huo koili za akiba za umeme, ndugu wa elementi yangu, zinawaka ndani ili watu wasipuliziwe hewa ya baridi.

Lakini bili yake haikuwa ya kawaida. Themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto la nyumba, ilikuwa inaonyesha neno "Aux" asubuhi nzima, yaani akiba iko kazini. Sababu ilikuwa ubahili wake mwenyewe. Usiku alikuwa akishusha hadi nyuzi 60 za kwao, ambazo kwetu ni kama 16, asubuhi anapandisha kwa mkupuo hadi 70, kama 21 zetu. Kwa tanuri la gesi hesabu hiyo inalipa. Kwa pampu ya joto, themostati ikiona pengo kubwa hivyo inadhani pampu imeshindwa, inaita koili za akiba. Zake ni za kilowati 10. Saa moja ya koili hizo kwa bei ya Arusha ni shilingi 3,500 na zaidi. Na siku za baridi kali zaidi alikuwa anaweka kwenye "Em Heat," akiamini ndiyo gia ya barafu. Kumbe gia hiyo inazima kompresa kabisa na kuacha koili peke yake. Imewekwa kwa ajili ya siku mashine ya nje imekufa na unasubiri fundi. Alipoacha joto likae palepale usiku na mchana, na kuiambia themostati isiite akiba mpaka nje kuwe na baridi ya kugandisha maji, bili ikarudi. Hakuna kifaa kilichobadilishwa.

Nilimcheka sana Januari ile. Julai nikasimama mbele ya hita yangu nikijiuliza, na hii imeambiwa nini?

Nilianza na mita, kwa sababu mita haina maneno mengi. Kwenye mita ya LUKU kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake imeandikwa inapepesa mara ngapi kwa yuniti moja. Yangu ni mara 1,000. Nikazima kila kitu ndani, friji nayo, nikaacha hita tu, nikahesabu kwa dakika moja kwa saa ya simu. Kompresa ya hita yangu inakula wati 600, kwa hiyo ikiwa peke yake taa ingepepesa kama mara 10. Elementi ni ya wati 2,000, hiyo ni mara 33 au 34. Nilihesabu 33. Nikahesabu tena, 34. Sikio likaniambia lililobaki: feni ya pampu ilikuwa kimya. Mashine niliyoinunua kwa bei ya ng'ombe wawili ilikuwa inafanya kazi ya birika.

Nikakaa chini na kitabu chake, kwenye kigoda, na kikombe cha chai ya tangawizi. Ukurasa wa kumi na kitu wanasema wazi: pampu yenyewe inafikisha maji nyuzi 60, kuanzia hapo kwenda juu ni kazi ya elementi. Mimi nilikuwa nimeagiza 70. Yaani kila siku, hata pampu ikimaliza zamu yake vizuri, elementi inaamka kutafuta zile nyuzi kumi za heshima ya mama mkwe, ambaye alishafika Tanga zamani.

Hilo lilieleza sehemu tu ya hasara. La pili lilinichekesha mpaka nikamwita mume wangu aje aone. Mashine ilipofungwa nilimwandikia fundi kwenye karatasi, kwa kuwa niliwahi kazini: "Pampu iwake saa 8, izime saa 11." Nilimaanisha saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, wakati hewa ya Ngaramtoni ina joto kidogo na pampu inavuna kirahisi. Fundi akaweka 8:00 hadi 11:00. Kwa saa ya mashine hiyo ni saa mbili asubuhi hadi saa tano! Kwa hiyo pampu ilikuwa inahangaika asubuhi, ukungu haujaondoka, saa tano inalazwa. Jioni watoto wanaoga, maji ya mlimani yanaingia tangini, joto linashuka, na taima hairuhusu pampu kuamka. Elementi haikuwa kwenye taima. Yenyewe iliambiwa maji yakishuka chini ya 45, iwake saa yoyote. Miaka miwili kosa hilo lilikuwepo, likituibia kidogo kidogo, mpaka nyuzi zangu 70 zilipolifanya lipige kelele.

Nashangaa kwamba hili halisemwi zaidi. Nchi nzima tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na kila mashine tunayonunua inahesabu kuanzia usiku wa manane. Taima ngapi mjini zinamwagilia bustani saa ambazo mwenye nyumba hakuzikusudia? Na umeme ukikatika, saa za mashine nyingi zinarudi sifuri, hakuna anayekwenda kuzirekebisha.

La tatu ni la aibu. Kwa kuogopa wezi nilikuwa nimeijengea mashine ya nje kibanda: nondo mbele, mabati pande tatu na juu. Pampu inavuta hewa, inainyang'anya joto, inaitema ikiwa ya baridi. Kwenye kibanda kile ilikuwa inavuta tena hewa ile ile iliyoitema. Na mapezi ya koili yamejaa vumbi la barabara yetu na manyoya ya kuku. Nilizima swichi kubwa, nikasafisha kwa brashi laini na maji ya mnyunyizo, tukang'oa mabati ya pembeni na nondo zikabaki.

Kwenye skrini nikashusha hadi 55. Pampu nikaipa saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, safari hii nikaandika 14:00 na 18:00 mwenyewe. Elementi nikaiachia kazi moja, kupandisha tangi hadi 60 na zaidi mara moja kwa wiki. Hilo si anasa. Maji yakikaa vuguvugu muda mrefu yanaweza kufuga bakteria wa Legionela, wale waliojulikana baada ya watu kuugua na kufa kwenye mkutano wa Philadelphia mwaka 1976, na nyuzi 60 zinawaua.

Hesabu yake ni hii. Lita 200 kutoka nyuzi 17 hadi 55 zinahitaji joto la karibu yuniti 9. Kwa elementi ni shilingi 3,100 hivi. Kwa pampu ikiwa na hali nzuri ni kama yuniti 3, elfu moja na kidogo. LUKU ya elfu ishirini imerudi siku tisa, mara nyingine kumi.

Nisieleweke kwamba mafundi hawana kazi. Swichi ikiwa inaanguka yenyewe, maji yakivuja, au pampu ikizunguka saa nzima bila maji kupata joto hata baada ya kurekebisha setingi, mwite. Na kifuniko cha elementi usikifungue wewe; umeme na maji viko jirani sana mle. Ila akifika, mwombe aanze na skrini, na mwambie mapema kwamba atalipwa hata asipobadilisha kitu. Niliporudi kwa yule wa pili na kumwambia hivyo, alikaa saa nzima akanionyesha jinsi ya kufunga vitufe watoto wasibonyeze. Nilimpa elfu thelathini bila kununa. Kidogo tu.

Mama mkwe ameshapiga simu, anakuja tena Juni. Nimemweleza kwa adabu kwamba safari hii hita haitapita nyuzi 55. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisijali, mwanangu, atakuja na sufuria yake na kilo tano za mkaa.