Saa Kumi na Moja Jioni: Ratiba na Mtoto Msumbufu

Mpwa wangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na kwa miezi kadhaa kila mtu nyumbani kwao Mbagala alikuwa na jina lake la kumwita. Mtundu. Mkaidi. Jirani mmoja alisema ana mapepo. Akishuka kwenye basi la shule anavurumisha viatu, anajitupa chini sebuleni, na akiambiwa akaoge anamng'ata dada wa kazi. Mimi mjomba wake nilishauri fimbo, nalikiri mapema.

Mama yake hakushika fimbo, alishika kalenda. Kwa wiki mbili aliandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana kila fujo ilianza saa ngapi na kabla yake kulikuwa na nini. Karibu zote ziliangukia kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku. Basi ndipo tukapiga hesabu ambayo tulipaswa kuipiga zamani. Mtoto anaamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu yeye ndiye wa mwanzo kuchukuliwa, na jioni ndiye wa mwisho kushushwa. Shuleni anakula saa sita mchana. Usiku analala saa nne, tamthilia ikiisha. Anapata usingizi wa saa saba, wakati mapendekezo ya madaktari wa usingizi wa Marekani ya mwaka 2016 kwa umri wake ni saa 9 hadi 12. Mkaidi wetu alikuwa na njaa na usingizi.

Wanaotetea ratiba husema humtuliza mtoto kwa kuwa anajua kinachofuata. Ni kweli, lakini kwangu faida kubwa ni hiyo ya kalenda: kabla ratiba haijamgusa mtoto, inawaonyesha wakubwa wapi wamekosea. Dada yangu akapanga jioni upya. Viatu mlangoni, uji na kiazi, kukaa barazani kidogo, kuoga, daftari, chakula, kitandani saa mbili. Kila jambo alilichora kwenye kipande cha boksi akakining'iniza kwa kibanio cha nguo kwenye kamba. Likiisha, mtoto anachomoa picha yake na kuitupia kwenye kopo. Ratiba za picha za namna hii zimetumika miaka mingi kwa watoto wenye usonji (autism, hali ya ubongo inayogusa mawasiliano na tabia), hasa katika TEACCH, mpango wa kuwafundisha watoto hao ulioanzishwa North Carolina, Marekani, mwaka 1972. Na kule kutanguliza kisichopendwa ili kinachopendwa kifuate, mwanasaikolojia David Premack aliandika kanuni ya jambo hilo mwaka 1959, ingawa bibi zetu walikuwa wakisema "maliza uji ukacheze" bila kumngoja.

Siku nne za mwanzo mambo yalizidi kuwa mabaya. Alikuwa akipima kama kelele za zamani bado zinanunua kitu. Wengi huacha hapo na kusema ratiba haifai. Wiki ya tatu kung'ata kulikwisha. Viatu bado vinaruka mara mojamoja.

Sasa upande wa pili, na sitaki kuupitia juujuu. Mama yetu, bibi yake mtoto, hakupendezwa. Hoja yake: mtoto akizoeshwa kamba na picha, siku ya msiba au safari ya Tanga atafanyaje? Mtoto azoee dunia, dunia haitamzoea yeye. Ana haki. Kwa mtoto mwenye usonji hasa, kung'ang'ania mambo yawe vilevile ni mojawapo ya dalili zenyewe, na ratiba ngumu inaweza kuilisha. Dawa yake ni kuyaweka mabadiliko ndani ya ratiba: picha moja yenye alama ya kuuliza, inayotokea siku yoyote, mara ya kwanza ikileta kitu kizuri ili isiogopwe. Dada yangu bado hajaichora.

Lipo na la kipato. Ukiishi nyumba ya kupanga yenye bafu moja kwa kaya sita, maji yakitoka saa nane usiku, na mama akiondoka alfajiri kuwahi samaki soko la Feri, ushauri wa "kila siku saa ileile" unasikika kama kejeli. Hapa watetezi wa ratiba hukosea wanapoabudu saa ya ukutani. Mtoto anashika mfuatano, hashiki dakika. Uji kabla ya kuoga ni ratiba hata kama leo ni saa kumi na mbili. Na Dar es Salaam jua huzama kwa tofauti isiyofika saa moja mwaka mzima. Adhana ya Magharibi inatosha kumwambia mtoto mchezo umekwisha.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anaibeba. Shemeji yangu anaisifu ratiba mbele ya wageni, kisha anarudi saa tatu usiku na chipsi zinazonukia nyumba nzima, mtoto anaamka. Anayeishika kamba kila jioni ni dada wa kazi, ambaye hakuulizwa wala hakuongezwa mshahara.

Tena ratiba isigeuzwe kiraka. Mtoto aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla aulizwe na achunguzwe kwanza: masikio, kifafa, au mtu anayemuumiza njiani au shuleni. Hapo kupanga muda wa kuoga ni kufunika chungu kinachoungua.

Kwa mpwa wangu naegemea upande wa kamba, nikimwachia bibi nusu ya hoja yake. Mwezi uliopita dada wa kazi alikwenda kwao, akaja mwingine. Jioni ya kwanza mgeni alitaka kumwogesha kabla ya uji. Mtoto akapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani, kisha akamvuta yule binti kwa kanga hadi kwenye kamba, akamwonyesha kidole picha ya kikombe.

"Mnaona?" akasema bibi.

"Mnaona?" akasema dada yangu.