Pua ya panya na fumbo la mawimbi ya zawadi

Panya anapokimbilia mahali alipozoea kupata chakula, elektrodi zilizopandikizwa sehemu ya chini ya striatamu, eneo la ubongo linalohusishwa na zawadi, hunasa mawimbi ya umeme yanayoitwa gama. Mwaka 2009 watafiti van der Meer na Redish walionyesha kwamba mawimbi ya takriban mara 80 kwa sekunde huongezeka kabla zawadi haijafika, na yale ya mara 50 huongezeka baada ya kufika. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba hapo ndipo ubongo unapopima thamani ya kitu.

Wanaoyatetea mawimbi, wakisema yana kazi yake katika ubongo, hawakosi hoja. Seli za neva zinazofyatua ishara kwa pamoja husikika zaidi kuliko zinazofyatua ovyo, kwa hiyo mapigo ya pamoja yangeweza kuunganisha kumbukumbu ya mahali na matarajio ya zawadi. Wapinzani wanaona hiyo ni ngurumo ya injini tu: inakuambia gari linafanya kazi, lakini siyo inayolisukuma.

Kisha ikaja habari ya pua. Mwaka 2017 van der Meer huyohuyo, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuziba tundu moja la pua ya panya. Gama ya striatamu ya upande uleule ikapungua sana. Vipimo vikaonyesha kuwa chanzo chake ni gamba la ubongo la jirani linaloshughulikia harufu, na umeme wake unasambaa tu hadi kwenye elektrodi. Panya anayetarajia chakula hunusanusa kwa kasi, kwa hiyo sehemu ya kile kilichodhaniwa kuwa thamani huenda ni pua ikifanya kazi yake. Nawavulia kofia waliothubutu kulitikisa jengo walilolijenga wenyewe.

Hata hivyo suala haliishii hapo, maana baadhi ya seli za striatamu hufyatua kwa kufuata mdundo wa gama hiyo. Wimbi la jirani linaweza kusikilizwa pia.

Ushahidi unaonishawishi zaidi kwamba mawimbi ya ubongo yanaweza kufanya kazi kweli unatoka hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, kwenye milipuko mifupi ya mawimbi ya mara 150 hadi 250 kwa sekunde. Panya wakiwa usingizini baada ya kujifunza njia zenye chakula, watafiti waliikatiza milipuko hiyo kwa mshtuo mdogo wa umeme, na panya wakajifunza kwa shida. Kundi lingine lilipigwa mshtuo uleule, ila ukicheleweshwa kidogo usiangukie kwenye mlipuko, na kujifunza kwao hakukuathirika. Hapo mtu hawezi kusingizia umeme wenyewe. Gama ya striatamu bado haijapitia mtihani mkali wa aina hiyo kwa kiwango cha kuniridhisha, na mpaka itakapoupita, grafu nzuri ya mawimbi yanayopanda pamoja na zawadi naihesabu kuwa dokezo tu.