Hoffman hakuanzia kwenye Oscar

Asante kwa makala, ila hapo mliposema mwigizaji wa Marekani Philip Seymour Hoffman "alichomoza" na filamu ya Capote mwaka 2005, sikubaliani nanyi hata kidogo. Oscar aliyoshinda kwa filamu hiyo ilikuja baadaye sana. Wengine tulishamfahamu kitambo, kwenye zile nafasi ndogo ndogo.

Itazameni tena filamu ya Magnolia ya 1999. Yeye ni muuguzi wa mzee anayekufa, kazi yake ni simu tu: amtafute mtoto wa mgonjwa. Anabembeleza watu asiowajua, sauti ya chini, ya adabu, akijua kabisa kwamba ombi lake linasikika kama la kwenye sinema. Tom Cruise yumo humo humo, tena alikuwa moto wa kuotea mbali, lakini mimi kila nikiikumbuka filamu hiyo namkumbuka muuguzi na simu yake.

Na jukwaa mmeligusia kwa sentensi moja! Mwaka 2000 kule Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York, katika tamthilia ya True West, yeye na John C. Reilly walikuwa wakibadilishana nafasi za ndugu wawili. Onyesho hili ni mwandishi mstaarabu, jingine ni kaka mlevi na mwizi. Wote wawili wakateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway. Hebu fikiria kubeba maneno ya watu wawili kichwani, na miili miwili.

Mwaka 2012 akarudi jukwaani akacheza Willy Loman wa tamthilia ya Death of a Salesman, mzee wa miaka sitini na ushee, naye ana 44. Miaka miwili baadaye akatutoka. Bado inaniuma.